Neno Moja la Mama Mkwe

Kilimatinde,
Jumatano, alasiri.

Dada Naomi,

Shikamoo. Najua hutaitikia mpaka umalize kunikasirikia, na una haki. Jumapili ulisimama stendi ya Kiomboi hadi basi la mwisho likaingia, mimi simo. Ujumbe wangu ulisema tu, "Sijapanda, ni mzima, nitaandika." Haya, naandika, maana kwenye simu ningelia ukashindwa kunisikia. Mgongo wako unaendeleaje? Baba anakunywa dawa zake, au bado anazificha chini ya mto? Huku tunapumua. Upepo wa kiangazi unavuma kutwa, mabati yanaimba.

Nikuambie ukweli wote, halafu unihukumu.

Tangu mama mkwe apooze upande mmoja, mwaka wa pili huu, mimi ndiye mikono yake na miguu yake. Shemeji yako yuko kazini relini Itigi, anakuja mwisho wa mwezi, analala, anaondoka. Na unajua ugonjwa ulimwachia mama neno moja tu: "Bado." Umeshiba, mama? Bado. Nikugeuze? Bado. Kuna siku nilimbadilisha shuka mara tatu, kila nikiuliza kama amemaliza, "Bado." Nikatoka nje nikauma kanga yangu nisije nikapiga kelele. Kusali nilishaacha. Nilikuwa napiga magoti, maneno hayaji, nainuka.

Nilichopanga ni hiki, na naona aibu kukiandika. Nimsukume kwenye kiti chake cha magurudumu hadi kanisani, nimweke penye akina mama, na wakati wa maombi, watu wote wamefumba macho, nichukue begi nililolificha chini ya kiti chake, nitoke. Bodaboda nilishapatana naye anishushe barabara kuu. Wangemkuta mama peke yake, wangemchukua. Ndivyo nilivyojidanganya.

Mchungaji akasema tuombe. Nikapiga magoti kama wengine, nikasema nifumbe macho kidogo tu, nisije nikashtukiwa.

Dada, nililala!

Niliisikia kwaya kwa mbali, halafu haikuwa kwaya tena, ni upepo kwenye shamba letu la alizeti, mimi na wewe wadogo tumelala kati ya mistari, maua yametuinamia. Marehemu mama anapepeta uwele, makapi yanapaa, yanang'aa, hayashuki. Nikamwuliza, "Mama, nikusaidie?" Akasema, "Wewe lala. Nitakuita." Sauti ile ile, Dada, hata kile kikohozi chake kabla ya kusema. Nikalala tena ndani ya ndoto, nikijua kuna mtu yuko macho kwa ajili yangu.

Nilipozinduka kanisa lilikuwa tupu, jua limehamia madirisha ya upande wa pili. Nimefunikwa kanga tatu. Chini ya kichwa changu, juu ya benchi, begi langu! Wamelifanya mto. Akina mama wanne wamekaa sakafuni, wamevua viatu, wananong'ona, na mama mkwe kwenye kiti chake, mkono wake mzima uko begani kwangu.

Nikaruka. "Bodaboda!"

"Tulimwambia aende," akasema mke wa mchungaji. "Abiria wake kalala."

Akanieleza kwamba mzee wa kanisa alikuja na funguo mara tatu, anataka kufunga, na wao wenyewe wakataka kuniamsha. Kila mara mama mkwe aliinua mkono: "Bado!" Kwa kufoka, mpaka mzee akarudi nyuma. Nililia kwa kwikwi mbele za watu. Hakuna aliyeuliza habari za begi. Walinipa uji, nikanywa vikombe viwili.

"Sisi tulikuwa tunaona unaweza," mke wa mchungaji akasema.

Nikamjibu kwa hasira, maana mimi unanijua, "Nani aliwaambia naweza?"

Akapokea kikombe changu. Kisha akasema, "Tusamehe, mwanangu."

Jana walikuja wawili, wakamwogesha mama, mimi nikafukuzwa jikoni nikalale.

Muda wote nilikuwa namwomba Mungu nguvu, nikidhani atanifanya chuma. Kumbe alitaka kunilaza kwanza, kama alivyomlaza yule nabii aliyekimbilia jangwani, akamwamsha kwa chakula. Sasa nasali tena. Ni maneno machache, lakini yanakuja. Kuchoka bado nachoka, ila asubuhi naamka na nguvu ambazo sikulala nazo, na najua si zangu.

Nisalimie Baba, umwambie binti yake hajakimbia mji wa watu. Shemeji mumeo mpe pole kwa kusimama juani na wewe. Shangazi aliyenipa lile begi, mwambie linafaa zaidi likiwa mto.

Leo mchana nilipiga magoti mbele ya mama mkwe nikamweleza yote: begi, bodaboda, kila kitu. Alinikazia macho, hata nikaogopa. Nikamwuliza, "Mama, umenichoka?"

"Bado," akasema, na ule upande mzima wa mdomo wake ukacheka.

Mdogo wako ambaye bado yupo,
Raheli