Kiti Kimoja cha Wateja

Jumatatu, 9 Septemba

Vumbi tena. Nimepangusa rafu mara mbili na saa nne haijafika. Wateja wanne. Watatu walitaka vitabu vya mtihani vya toleo jipya, kana kwamba hawakuona ubao nje: VITABU VYA MITUMBA. Wa nne ni Mutua, yule mzee wa Kilungu aliyeniuzia katoni ya vitabu vya marehemu mama yake mwezi wa nne. Siku hizi haniachi. Anakalia kiti changu kimoja cha wateja bila kukaribishwa, anafungua Biblia za Kikamba moja moja, ukurasa wa kwanza tu, anazirudisha. Hanunui. Nikimuuliza anachotafuta anasema, "Naangalia tu, mama vitabu." Mtu mzima anaangalia nini kwenye ukurasa wa kwanza? Sielewi.

Alasiri nilifunika vitabu sita vilivyochanika. Karatasi ya kaki na gundi ya uji wa unga wa ngano, kama mama alivyotufunikia madaftari. Kitabu kikishavaa kaki hata mwenye maringo ananunua.

Alhamisi, 12 Septemba

Mutua tena. Leo kaja na miwani. Biblia tano, ukurasa wa kwanza, kwaheri. Alipoondoka nilizihesabu. Zote zipo. Nimeona haya kidogo. Si sana.

Jumamosi, 14 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Mama mmoja ametoka Tseikuru jana, akalala Kitui kwa jamaa, leo asubuhi yuko mlangoni pangu. Jina lake Nduku. Viatu vyeupe kwa vumbi. Nilimkaribisha kiti akakataa, akasema hajaja kukaa. Anataka Biblia ya Kikamba ya marehemu fulani wa Kilungu, amesikia vitabu vyake viliuzwa kwangu. Nikashtuka. Ni mama yake Mutua.

Alivyonieleza: marehemu alimzaa yeye kabla ya kuolewa, akamwacha Tseikuru kwa nyanya, akaenda kuolewa Kilungu. Alikuwa akimtembelea kwa siri. Huko Kilungu hakuna aliyewahi kumwita mtoto wa boma. Jumamosi ijayo ni ibada ya mwaka mmoja, na jiwe la kaburi litazinduliwa likiwa na majina ya watoto. Mutua, kifungua mimba, amesema hana dada Tseikuru. Lakini mama aliwahi kumwambia Nduku kwamba watoto wake wote amewaandika kwenye Biblia, mwanzoni kabisa. Hataki shamba. Anataka jina lake liwe kwenye lile jiwe.

Nilizifungua zote tano mbele yake. Hakuna majina. Nikamwambia hakuna, tena kwa sauti ya mtu mwenye uhakika. Aliniandikia namba ya simu hata hivyo. Akashukuru. Afadhali angenitukana.

Na Mutua je? Kama hamtambui huyu mama, kila wiki anatafuta nini hapa? Au anautafuta ukurasa auchane?

Jumatatu, 16 Septemba

Mutua hakuja. Nimemkasirikia mtu ambaye hayupo. Mteja mmoja aliniuliza bei mara tatu, nikamjibu vibaya. Kichwa changu hakipo dukani.

Jumanne, 17 Septemba

Mimi mjinga.

Nilikuwa nafunika kamusi ya mtoto. Kwenye ukurasa wa kwanza mwenyewe kaandika jina lake kwa kalamu nyekundu. Nikakunja kaki kwa ndani, nikapaka uji, nikaibandika juu ya ule ukurasa ili jalada lishike. Ndivyo ninavyofanya siku zote. Jina likapotea. Mkono ukasimama hapo hapo.

Katika zile Biblia tano, tatu zimevaa kaki. Nilizifunika mwenyewe.

Nimefunika majina ya watu wangapi miaka yote hii nikijisifu kwamba natengeneza vitabu? Na yule mama amerudi Tseikuru na neno langu.

Jumatano, 18 Septemba

Kitambaa chenye maji na subira. Ya kwanza, tupu. Ya pili, muhuri wa kanisa. Ya tatu ilinitoa jasho, kona ikachanika, nikaomba msamaha kwa sauti kama kichaa.

Wino wa buluu, mwandiko ulioinama. Majina matano yamepangwa kwa namba. Mbili, Mutua. Moja, Nduku.

Si kwamba yumo tu. Ndiye wa kwanza.

Nililia, kisha nikakasirika, kisha sikujua nimefikia wapi. Biblia hii ni ya nani? Mutua aliniuzia, kwa hiyo ni yangu, lakini nikisema hivyo najiona mwizi. Nikimwita Mutua peke yake labda ataichoma. Nikimpa Nduku peke yake ataibeba mpaka kaburini, na ibada itageuka vita. Mwenye duka la vitabu anaingiaje katika mambo ya watu? Kwa mlango, nadhani. Niliwabandikia kaki mimi.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimewapigia wote wawili. Kila mmoja nimemwambia kesho saa nne. Hakuna niliyemwambia kuhusu mwenzake. Sijui kama hii ni busara au fitina.

Ijumaa, 20 Septemba

Mutua alitangulia. Akakaa kitini kama kawaida yake. Nduku akaja, akasimama mlangoni. Walitazamana na hakuna aliyeuliza mwenzake ni nani. Wana paji moja la uso.

Niliweka Biblia mezani, nikaifungua. Nikawaeleza habari ya kaki, na kwamba kosa ni langu. Hawakunisikiliza.

Mutua alisoma muda mrefu ukurasa wenye majina matano. Akafuta miwani kwa shati, akasoma tena. Kisha akasema, "Tulipomaliza kuzika, shangazi aliniambia nina dada, na kwamba mama alimwandika kwenye Biblia. Mimi nikakataa. Nimekuwa nikija hapa kutafuta, nikiomba nisipate."

Akatoka nje na simu. Nilimsikia akiongea na fundi wa jiwe. Fundi alikuwa ameshachonga, jina la Mutua juu kabisa. Mutua akamwambia aanze jiwe lingine hata kama atakesha, na la kwanza liwe Nduku.

Aliporudi hakukaa. Alikishika kiti kwa mikono miwili, akakipangusa kwa kofia yake, akakigeuza kuelekea mlangoni.

"Keti, mwiitu wa mwaitu," akasema. Binti wa mama yangu.

Nduku akakaa. Nilichemsha chai. Mutua alikunywa yake akiwa amesimama, mpaka ikaisha.