Ng'ombe wa Ludara

Shikamoo Mama,

Hapa Koboko mvua haikatiki, na muhogo wa kuchoma ni mtamu ajabu.

Leo kule Ludara, katika utafiti wangu, nilimwonyesha mtoto mmoja picha ya ng'ombe nikamuuliza, "Hii ni nini?" Akanyamaza. Bibi yake akaniambia, "Wewe mutu mukubwa, hapana jua ng'ombe? Mutoto naona haya kwa sababu yako." Mtoto akanishika mkono, akanipeleka zizini nikamwone ng'ombe mwenyewe.

Mama, ile makala yangu wanayoinukuu wasomi wengi inasema watoto wa huku ni wazito wa kuelewa. Kumbe walikuwa wakinistahi! Nawe ndiye uliyenilea ninyamaze mkubwa akikosea.

Nitaandika nyingine, nikiri kosa. Niombee wainukuu na hiyo.

Mwanao mzito wa kuelewa,
Zuhura