Nilisema Amelewa

Bi. Mwaija, shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa huku Nansio, gazeti nalipata likishapita mikononi mwa watu wengi, na leo nakuandikia kwa sababu jambo lililonifika siwezi kulipeleka kwa Padri, wala kwa mama yangu mzazi, wala kwa mtu yeyote anayeijua sura yangu, nakuomba unihurumie na majina yetu uyabadili.

Mume wangu Antoni ni katekista wa misioni yetu, huu ni mwaka wa kumi na nne, yeye ndiye anayefundisha watoto wa komunyo ya kwanza, ndiye anayeongoza sala Padri akiwa safarini vijijini, ndiye mwenye kushika funguo za sakristia, chumba cha vyombo na divai ya misa, na tangu anioe sijamwona akinywa hata pombe ya ndizi ya arusini. Mwaka juzi alitokewa na uvimbe shingoni chini ya sikio la kushoto, ulianza kama punje ya haragwe ukakua mpaka akawa hawezi kufunga kifungo cha shati, Masista wa zahanati wakamtazama wakatuambia twende Mwanza, Mwanza wakasema hii ni kansa aende Nairobi, akapanda meli hadi Kisumu na kutoka hapo gari la moshi, akakaa huko miezi minne, wakamkata ule uvimbe, kisha wakamchoma shingo kwa mashine ya miali kwa majuma sita. Alirudi hai na ninamshukuru Mungu, lakini alirudi ngozi ya shingo imekuwa nyeusi na ngumu, ndevu za upande ule hazioti tena, mate yamemkauka, ugali hauwezi mpaka autose kwenye mchuzi, na maji akinywa yanampalia, basi siku hizi anakunywa mafunda mawili matatu anaacha.

Hatukumwambia mtu kuwa ni kansa. Tulisema alikwenda kung'olewa meno yaliyooza, na kovu alilifunika kwa kitambaa. Tulikubaliana wote wawili, kwa sababu tulimwona mama mmoja wa hapa, Wilhelmina, aliyepata kansa ya titi, jinsi watu walivyohama benchi lake kanisani, na kikombe alichonywea chai kwenye mkutano wa akina mama kikatupwa ziwani, na alipokufa waliokwenda kumzika hawakutimia kumi. Na sisi tuna binti, Suzana, anaposwa na watu wa Sengerema, na jambo la kwanza watu wale waliloulizia ni ugonjwa uliomo katika ukoo.

Baada ya miezi michache Antoni akaanza kuyumba. Akiwa amekaa hana neno, anazungumza vizuri, anasoma vitabu vyake, lakini akisimama tu macho yanaingia giza, anapapasa ukuta, miguu inapishana, halafu baada ya kitambo kidogo inapita. Asubuhi huzidi, na Jumapili ndiyo siku mbaya kuliko zote, sijui kwa nini. Mwezi wa nane nilikuwa barazani nachambua mchele pamoja na jirani yangu Getruda, Antoni akainuka kitini, akayumba, akajishika mlangoni, akaukumba mtungi wa maji ukavunjika, Getruda akanitazama akasema, "Mama Suzana, mwalimu ana nini?" Na mimi, Bi. Mwaija, neno lilikuwa limeshanifika mdomoni kwamba anaumwa, lakini nikaliona swali la pili linakuja, anaumwa nini, basi nikacheka nikasema, "Aa, mwache, kapitia mahali kaonja kidogo." Nilisema hivyo tu. Kaonja kidogo. Getruda akacheka mpaka akashika mbavu, akasema, "Kumbe na yeye ni mtu!"

Nilidhani nimemsitiri, maana walevi hapa petu ni wengi na hakuna mlevi anayehamwa benchi. Kumbe kwa katekista ni jambo jingine. Maneno yakaenda sokoni, yakaenda kisimani, yakarudi kanisani, na yaliporudi yalikuwa yameongezwa, eti mwalimu anakunywa divai ya misa, kwa kuwa funguo anazo na Jumapili asubuhi ndipo anapoyumba. Nikayasikia, nikanyamaza.

Jumapili iliyofuata Uhuru tulikuwa na misa ya shukrani, kanisa limejaa mpaka nje, wakubwa wa wilaya wapo, watu wa chama wapo na mashati yao ya kijani. Antoni alikuwa amepiga magoti, akasimama aanzishe wimbo, akafungua mdomo, sauti isitoke, akaanguka kifudifudi paji la uso likagonga ngazi ya altare. Halafu mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti, "Mwalimu kalewa Uhuru!" na watu wakacheka, Bi. Mwaija, wakacheka kanisani, hata watoto aliowafundisha sala wakacheka, na damu inamtoka. Wanaume wawili wakamnyanyua. Mimi mkewe nilikuwa upande wa akina mama, nikaweka mtandio mdomoni, sikusimama.

Kesho yake Padri alimwita, akamwambia habari za pombe amezisikia kwa watu wengi, na divai kweli imepungua, basi aseme ukweli wake. Antoni hakujibu, maana akikana pombe ataulizwa mbona anayumba, na hilo tulikuwa tumeapa kulificha. Aliweka funguo mezani akarudi nyumbani. Padri ameagiza kwamba Jumatano ya Majivu atamsimika katekista mwingine.

Alipofika nyumbani alikaa akaniuliza, "Odeta, nani aliyewaambia watu kwamba mimi nakunywa?" Nikasema, "Sijui, watu wana midomo." Akatikisa kichwa, akasema, "Basi afadhali wewe unajua."

Tangu siku hiyo anakaa uani nyuma ya nyumba, amegeukia ukuta, chakula anagusa tu, kusimama hataki kwa kuwa anaogopa kuanguka, na juzi aliniambia polepole kwamba ule ugonjwa umepanda kichwani, uache umalize kazi yake. Sijui nifanye nini. Nikimwambia kwamba mdomo ule ni wangu naona nitamuua, na nisipomwambia namwona anakufa vilevile. Na wale watu wa Sengerema, utashangaa, habari za ulevi wamezisikia na wamesema watakuja tu baada ya Pasaka, ulevi hawakuujali, lakini kansa je? Nimwambie mume wangu, au ningoje kwanza apate nguvu? Na hicho kizunguzungu kina dawa, au ndiyo mwisho wake? Naomba unijibu upesi.

Mimi mwenye majuto,
Mama S., Nansio, 8 Januari 1962

BI. MWAIJA ANAJIBU

Mama Suzana, marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nilitamani ungekuwa hapa mbele yangu nikukumbatie, halafu nikugombeze.

Tuanze na kizunguzungu, maana mtu asianguke tena wakati sisi tunaandikiana. Nilihudumu wodini miaka kumi na tisa, lakini sikutaka kubahatisha, nikamwendea daktari mmoja hapa mjini. Ameniambia kwamba shingoni pana mahali panapoupa moyo habari kwamba mtu amesimama, ili usukume damu ifike kichwani. Shingo ikichomwa na mashine, habari ile inachelewa, na damu inabaki miguuni. Ndiyo maana akikaa ni mzima, akisimama anaona giza. Mtu anayekunywa mafunda machache ya maji kwa siku hali hiyo humzidi.

Na hiyo Jumapili unayosema hujui kwa nini! Mama, mumeo anafunga. Ninyi Wakatoliki mlikuwa hamgusi hata maji tangu usiku wa manane mpaka komunyo, nami nina hakika mwalimu wako bado anashika sheria hiyo ya zamani. Mimi ni Muislamu, lakini nimeuliza jirani zangu Wakristo, wakaniambia maji yamekwisha kuruhusiwa siku nyingi. Mtu aliyefundisha dini miaka kumi na minne anaanguka kwa kiu mbele ya altare, na ninyi mnanusa pumzi yake mkitafuta divai. Wallahi nilikasirika.

Kwa hiyo maji anywe, kidogo kidogo, kutwa nzima, ameinamisha kidevu kifuani ili yasimpalie, na yakimshinda mpe uji mwepesi. Asubuhi asitoke kitandani kwa haraka. Aketi kwanza ukingoni, achezeshe nyayo, akunje na kukunjua ngumi, ahesabu mpaka mia, ndipo asimame akiwa ameshika kitu. Upande wa kichwani, weka tofali moja moja chini ya miguu ya kitanda. Asisimame juani muda mrefu. Akiona giza linakuja aketi palepale alipo, hata kama ni njiani, hata kama ni mbele ya Bwana Shauri mkuu wa wilaya, aibu ya kukaa chini ni ndogo kuliko ya kupasua uso. Kanisani akitoka magotini aketi kwanza kwenye benchi. Na kabla ya mwezi huu kwisha mpeleke hospitali wampime msukumo wa damu akiwa amelala, na tena akiwa amesimama, na uwaambie wazi kwamba alichomwa shingo. Kama anafaa kuongezewa chumvi ili msukumo huo upande, waulize haohao.

Umeniuliza kama ndiyo mwisho. Sijui. Sitakudanganya, umeshapata uongo wa kutosha nyumbani kwako. Huenda ni ile mashine tu, na huenda ugonjwa umerudi, na anayeweza kulijua hilo ni daktari mwenye kumshika shingo, si mtu aliyegeukia ukuta. Kansa haiambukizi. Kikombe cha yule marehemu Wilhelmina kilitupwa bure, na ninyi mliokiona kikitupwa mkanyamaza mlikuwa mnajifunza kuogopa.

Sasa wewe. Najua ulisema kwa hofu, wala sikuoni kuwa mtu mbaya. Lakini usinidanganye kwamba ulimsitiri. Siku ile barazani ulijisitiri wewe na swali la Getruda. Hilo ningeweza kulisamehe, neno humtoka mtu. Ila miezi minne ulisikia jina la mumeo likiburutwa sokoni ukanyamaza, alipoanguka hukusimama, na alipokuuliza ana kwa ana ukasema hujui. Ndipo ulipokosa, Mama Suzana, hapo kwenye "sijui".

Unauliza usubiri apate nguvu. Nguvu atazipata wapi? Mtu huyo anaamini kisiwa kizima kimemgeuka isipokuwa wewe. Kila siku unayomwacha aamini hivyo unamwibia tena. Mwambie. Usipeleke mjumbe, usimpitishie kwa Suzana, usianze kwa kulia ili akubembeleze.

Akishajua, nenda kwa Padri, useme kwamba habari ya pombe ilitoka kinywani mwako na ilikuwa ya uongo. Mwulize pia kama amewahi kuona mtu aliyechomwa koo akinywa divai, maana kinywa kile hata pilipili hakiwezi, divai ingemwasha kama moto. Aliyeipunguza amtafute kwingine. Lakini sikiliza vizuri hapa: ugonjwa ni wa Antoni, akitaka Padri ajue atasema yeye, na asipotaka usiutaje. Uongo ndio wako, huo useme wewe. Halafu kaa barazani na Getruda umwambie na yeye, kwa kinywa kilekile, naye ataueneza ukweli kama alivyoueneza uongo, kazi hiyo anaiweza.

Wale wa Sengerema, kama wanamtaka binti wa mlevi lakini hawamtaki binti wa mgonjwa, waache wapande kivuko wakatafute kwingine. Utalia, na Suzana atalia. Ataolewa.

Majina nimeyabadili yote kama ulivyoomba. Lakini katekista aliyeanguka kwenye misa ya Uhuru hawako wawili huko kwenu, kwa hiyo jibu hili nimekuletea kwanza kwa posta, na mwenye gazeti amekubali kukaa nalo majuma matatu kabla ya kulichapa, na mumeo akikataa lisichapwe niandikie nilizuie. Usimwache mumeo alikute hapa gazetini.

Siwezi kukuahidi kwamba atakusamehe. Mwambie akiwa amekaa, nawe ukae chini mbele yake. Akiinuka kwa hasira atayumba, na siku hiyo mshike mkono hata kama hataki kukutazama, mpaka macho yake yaone tena. Kisha mwachie, aende anakotaka kwenda.