Godoro la Wawili Kwenye Pikapu Fupi

Mjukuu wangu Mwenda,

Huku Kibirichia sote ni wazima, na viazi vimeanza kutoa maua. Umeniuliza kama ulaze godoro mshazari kwa kuwa pikapu yako mtakayolala safarini ni fupi. Babu yako alilaza letu hivyo nyuma ya pikapu yetu usiku tulipolala Siakago baada ya kuuza viazi, tukiwa tumeoana juzi tu. Yeye alinyooka vizuri, mimi nikabaki na kona.

"Na mimi umenigawia kipande gani cha shamba?" nikamwuliza. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kurudi kwetu Kanyakine.

Alicheka, akashuka, akalaza mlango wa nyuma na kuunga mbao juu yake ili godoro linyooke. Tukalala sambamba, miguu nje chini ya turubai.

Basi nawe usililaze mshazari; lakini kabla hujakata mbao za kuunga, mwite mkeo alale humo kando yako, kisha upime.

Nyanya yako anayewaombea safari njema