Kabla Udi Haujawashwa

Makindu, nyumbani kwa Abdulatif,
Alhamisi, Oktoba 1996

Kwa mjukuu wangu Kiema, mwenye jina la mume wangu,

Hujambo? Asubuhi uliondoka kwenda Kibwezi bila kunisalimia, kwa hivyo pokea hapa salamu ulizozikimbia. Mimi mwili ni mzima. Magoti yanauma kama kawaida, macho yanaona. Moyo ndio hauko mahali pake. Natumaini ulifika salama na umekunywa chai, ingawa mtu anayemnunia susu yake, bibi yake mwenyewe, hastahili chai ya maziwa.

Usishangae kuona mwandiko wangu. Nilisoma gumbaru, yale masomo ya watu wazima, pale kwetu Matinyani, Kitui, mpaka nikapewa cheti mbele ya kanisa zima, na mama yako alipiga makofi kuliko wote. Herufi zikipinda leo si ujinga. Naandikia juu ya magoti, kwenye kiti cha plastiki, nje ya mlango wa Hasina, yule mke wa mtoto wa Abdulatif aliyejifungua majuzi. Siwezi kuondoka hapa. Barua atakuletea Syombua, yule muuza nyanya, anakwenda sokoni Kibwezi kwa basi la mchana. Ningekuandikia neno moja tu, njoo, ungesema ni wazimu wa mzee, ukaendelea kukaza nati zako. Kwa hivyo soma yote, na usome ukiwa umesimama.

Juzi nilipofika kwako na kuku na kitete changu, kibuyu cha maziwa, ulinipokea vizuri, hilo sikatai. Ulinitembeza kwenye karakana yako kama bwana harusi anayeonyesha nyumba. Ukaniambia ile gesi ya zamani ya mashine za baridi, hizo AC mnazoziita, imekuwa adimu, ati wazungu wameikataza kwa sababu inatoboa mbingu, na wewe umeona gesi ya kupikia inafanya kazi ile ile, tena baridi yake ni kali zaidi. Nikakuuliza kama hiyo si ndiyo inayowaka chini ya sufuria. Ukacheka, ukafungua mtungi kidogo, ukawasha kiberiti, ulimi wa bluu ukasimama. Ukasema ndani ya paipu imefungwa kama mtu wa jela. Nikauliza, na akitoroka jela?

Hapo ulinifundisha, na mimi nilishika. Ulisema fundi hatafuti gesi iliyotoroka kwa kiberiti, anaitafuta kwa povu la sabuni, anapaka kwenye maungio, na palipo na tundu povu linafura. Ulisema hiyo gesi ni nzito, haipandi kama moshi, inalala sakafuni kama ng'ombe mvivu. Kwa hivyo kabla ya kugusa chochote fundi anafungua milango na madirisha, anazima umeme kule nje, hata swichi ya ukutani haigusi kwa sababu ina cheche yake. Nilijivuna, Kiema. Nikasema moyoni, mume wangu amerudi, na safari hii amekuja na akili.

Halafu ukanionyesha lile bomba nene ulilolijaza makaa yaliyopondwa. Ulisema wateja walinung'unika kwamba chumba kinanuka kama yai viza, kwa hivyo sasa gesi unaipitisha kwenye hayo makaa mpaka harufu inakwisha. Ulisema kwa maringo. Ndipo baridi iliponiingia, na mashine zako zote zilikuwa zimezimwa. Harufu ile si uchafu, wewe mtoto. Ni mbwa wa boma. Umemkata mbwa ulimi ili majirani walale, halafu unasema mwizi hayuko kwa sababu husikii kubweka. Nilikuambia hivyo hivyo. Ukanijibu nisiogope, tena nisimwambie mtu, kwa sababu wakisikia gesi ya kupikia watakunyima kazi. Nikaificha siri yako. Mwanamke haanzi kumwaibisha mume wake mbele ya watu, hata kama mume mwenyewe nilimpangusa kamasi.

Jana jioni ukanileta hapa nimwone mtoto. Njiani ndipo ukaniambia kwamba mashine ya chumba cha Hasina uliijaza wewe siku walipotoka hospitali, haraka haraka, mzazi yuko mlangoni anangoja kulala. Nikakuuliza kama ulipaka sabuni. Ulinijibu kwamba mashine inapoa vizuri sana. Mimi si fundi, lakini jibu ambalo si jibu nalijua. Marehemu alinipa mengi ya aina hiyo.

Shufaa, mke wa Abdulatif, alinikaribisha kwa heshima, ukweli usemwe. Alinipa kiti na kahawa ya tangawizi. Akaniambia mzee wake na mwana wao, mume wa Hasina, wameenda Mombasa kununua bidhaa, na biashara yao ya nyumba ya wageni ameachiwa yeye. Wewe ulibaki sebuleni. Mimi nikaingia kwa Hasina. Chumba kile kimefungwa kama chungu! Dirisha umelibandika plasta ya kunata pande zote ili baridi isitoke, pazia nzito, mlango una kitambaa chini. Mtoto amelala kando ya mamake, kichwa kama embe dogo. Nikamsifu, nikamwombea.

Magharibi ikafika. Shufaa akaizima mashine ili isipeperushe moshi, akaleta chetezo, maana watu wa pwani wanamfukiza mzazi udi kila jioni mpaka arobaini. Sina neno na desturi ya mtu. Lakini ndani ya chetezo kuna makaa, na makaa yalikuwa mekundu. Alikuwa na tenga la kutandazia nguo za mtoto juu yake. Akainama akakiweka chini. Chini, Kiema! Pale pale uliponiambia ng'ombe mvivu analala. Na mimi nikaona ulimi wa bluu juu ya yale makaa. Mdogo. Ukasimama, ukapotea, ukasimama tena. Labda ni makaa tu, makaa mabichi hufanya hivyo. Mimi niliona kiberiti chako. Sikungoja. Palikuwa na bakuli la uji wa pilipili manga wa mzazi, nikalichukua, nikalimwaga lote kwenye chetezo.

Majivu yaliruka mpaka kwenye nguo za mtoto. Mtoto akalia. Shufaa akapiga ukemi kwamba bibi wa Kitui amekuja kumharibu mtoto wao. Unajua Kitui inavyosemwa. Mtu akikohoa kule Voi, wanauliza ni Mkamba gani amepita. Mimi Nzilani, ambaye nashika bendera ya kina mama wa kanisa, nikaitwa mchawi mbele ya kichanga.

Wewe uliingia. Ukaangalia bakuli, ukaangalia chetezo, ukaangalia ile mashine ukutani, halafu ukaniangalia mimi. Ulijua! Usiniambie hukujua, nimekuona tangu ukiiba sukari. Kisha ukawaambia kwamba susu amechoka na safari, kichwa kimemruka kidogo, wamsamehe. Ukanishika mkono ukanitoa kama mbuzi aliyeingia shamba la watu. Nyumbani ukasema nimekuharibia mteja mkubwa, ukageukia ukuta. Nami nikakaa macho. Nilisikiliza mpaka kukapambazuka kama nitasikia mlio kutoka upande huu.

Ulipoondoka nikajifunga leso, nikaja kuomba msamaha. Shufaa alikuwa jikoni. Hasina mwenyewe akaniita kwa sauti ya chini. Huyo msichana ana roho. Aliniambia haniogopi, hata nyanya yake kule Kisauni humwaga vitu. Halafu akasema kichwa kinamzunguka tangu mashine ile ijazwe, na akilala ni kama mtu ametupwa kisimani. Kusikia hivyo niliuacha mlango wazi kabisa. Nikachukua sabuni ya mtoto, nikatoa povu mkononi, nikapiga magoti nyuma ya pazia, pale paipu inaposhuka. Nikaifuata kwa vidole mpaka kwenye nati yako, ile mpya inayong'aa. Nikapaka.

Povu lilikaa kimya. Karibu nicheke, karibu nijiite mzee mjinga. Halafu likaanza kufura, polepole, kama koo la chura. Likapasuka. Likafura tena. Na kitanda alicholala mtoto kiko hatua moja kutoka kwenye mgongo wangu.

Na ni hapo Shufaa aliponikuta, mimi mchawi wake wa jana, nimepiga magoti nyuma ya pazia, mikono imejaa povu, karibu na nguo za mtoto.

Sasa nakuambia jambo ambalo litakukasirisha, na ukasirike. Nimekutaja. Nilisema yote kwa Shufaa, kwamba mashine ina gesi ya kupikia, kwamba inavuja, kwamba aliyeijaza ni mjukuu wangu na ndiye aliyeniambia nifiche. Nikamwomba amtoe Hasina na mtoto nje, azime umeme kule kwenye meta, na asilete moto. Unajua alifanya nini? Alisimama katikati ya chumba, akanusa. Akanusa tena. Akasema gesi kila mtu anaijua inavyonuka, na hapa hapanuki kitu ila poda ya mtoto. Akasema nasingizia fundi mzuri, kijana mwenye adabu, ili nifunike ubaya wangu. Umeona vile kazi yako ilivyo safi? Hakuna anayeamini.

Hasina hawezi kutolewa nje, kwa sababu macho ya watu yatampata mtoto kabla ya arobaini. Umeme hauwezi kuzimwa, kwa sababu friza imejaa nyama ya akika. Nikimwambia aache mlango wazi, anasema upepo utamwingia mzazi. Upepo wa mlango anauogopa, baridi ya mashine haiogopi, kwa kuwa hiyo ilinunuliwa Mombasa. Yeye anafunga, mimi nafungua. Sasa nimeweka mguu wangu hapo katikati, na mlango ukinibana unibane.

Lakini hayo si kitu. Kilichonifanya nishike kalamu ni hiki. Shufaa ameapa kwamba jioni ya leo hatafukiza mara moja kama kawaida. Ataleta vyetezo viwili, kimoja udi, kingine ubani na makaa ya kutosha, avipitishe chini ya kitanda na kila pembe, mpaka atoe uchawi niliouacha. Umesikia, Kiema? Moto niliouzima jana kwa uji, leo nimeuzaa mapacha. Na ameenda kuwaita wanawake wenzake waje wanitoe hapa mlangoni. Mimi ni mwepesi siku hizi, kama kiondo kitupu. Watanibeba tu.

Nikishabebwa umebaki wewe peke yako. Mimi kwao ni mchawi na wewe ni fundi. Neno langu wanalitemea mate, lako watalisikia. Kwa hivyo weka spana chini. Panda gari lolote linalokuja huku, hata la mbuzi. Usipitie karakana kubadilisha shati. Ukifika usimwambie Shufaa kwamba umekuja kukagua kidogo, nakujua na vimaneno vyako. Simama mbele yake useme kwa mdomo wako mwenyewe kwamba ni gesi ya kupikia, kwamba harufu uliitoa wewe, na kwamba sabuni hukupaka. Mtoe Hasina, mtoe mtoto, uing'oe plasta ya dirisha, umeme uzimwe nje. Gesi hiyo uitoe uani, mbali na jiko, na mtu asisimame hapo na sigara. Hayo yote ni maneno yako ya juzi, mimi nakurudishia tu.

Ukimaliza hapa, uende kwa kila mtu uliyemjazia. Kila mmoja. Na lile bomba la makaa nitalikuta limevunjwa.

Najua watakufukuza. Labda Abdulatif atakuitia polisi, na ikiwa hivyo nitaleta chai kituoni, sitaleta machozi. Matinyani kuna shamba, kuna jembe la babu yako, mpini bado mzima. Hakuna Mkamba aliyekufa kwa kuitwa mkulima.

Mimi si mwoga, watu wa kwetu watakuambia. Lakini tangu jana naogopa vitu nilivyoishi navyo maisha yangu yote. Naogopa jiko. Naogopa taa. Hapa nje mtu amewasha redio na nikaruka kama swara. Nimeitwa mjane, nikazoea. Kama ni mchawi, nitazoea pia, nimebakiza miaka michache ya kuitwa. Lakini siwezi kuitwa susu wa mtu aliyeua kichanga, na wewe huwezi kuishi ukiitwa huyo mtu. Jina unalolibeba ni la mume wangu, na yeye aliliacha safi.

Wasalimie uliowaendea huko Kibwezi, na uwaombe wasiwashe kitu mpaka uwarudie. Hasina anakusalimu, anasikia nalia na hathubutu kumpinga mkwewe. Mtoto amelala. Nimemchungulia sasa hivi, kifua kinapanda na kushuka. Syombua amesimama hapa, anasema basi limeanza kupiga honi, na kivuli cha ukuta kimeshafika kwenye mguu wa kiti changu.

Ni mimi susu yako,
Nzilani, mke wa Kiema.
Mmoja nilishamzika. Wa pili namngoja hapa mlangoni.