Kibuyu cha Mbegu za Kunde

Jumanne, usiku

Si mimi niliyezipika zile mbegu. Ni Bibi.

Shamba letu la kikundi halitumii mbegu za dukani, kwa sababu hupakwa dawa. Kila mavuno Bibi huchagua kunde nzuri, huzichanganya na majivu na kuzihifadhi kibuyuni mpaka mvua ije. Jana nilirudi kutoka kisimani nikamkuta amezipika zote kwa tui la nazi.

"Kula, mjukuu wangu. Zilikuwa zinakaa bure."

Nilikula. Zilikuwa zimeshaiva.

Leo akina mama walikuja kuchukua mbegu, maana ardhi imeshalowa. Bibi alikitikisa kibuyu, kikawa kimya. Akanigeukia. "Zimekwenda wapi?"

Macho yake yalikuwa yameingia hofu. Nikasema ni mimi niliyezipika.

"Wewe!" alifoka Mama Rehema, mwenyekiti wetu. "Umemaliza kidato cha nne na hujui mbegu na mboga? Huko shule mlifundishwa kula tu?"

Wengine walicheka. Mimi ambaye hata shikamoo huitoa kwa shida, nilirudia kuwa ni mimi.

Wataomba mbegu kwa wenzetu wa kijiji cha Tiwi. Kibuyu kitabaki kwa Bibi, nami nimekatazwa kukigusa. Sijui msimu ujao itakuwaje.

Walipoondoka, Bibi alinishika mkono. "Mjukuu wangu, mbona umenitia aibu?"

Nikamwomba radhi.

Ukiyasoma haya, tafadhali usimwambie mtu. Hata Bibi mwenyewe usimwambie.