Msichana Aliye Bado Ukingoni

Keji, mjukuu wangu,

Shule ya huko Nakuru inakutendeaje? Sisi hapa mtaani Atlabara tu wazima. Mama yako anauza sokoni Jebel mpaka jioni, kwa hiyo mchana nyumba hii ni yangu peke yangu.

Unaniuliza kama nimeipenda ile filamu mpya ya hadithi yetu ya msichana na mto. Picha zinang'aa kweli, lakini sikuipenda. Msichana alipouliza, "Mto, nipite?" nilijibu kwa sauti, "Pita, maji yamelala!" Filamu haikuningoja. Alikuwa ameshavuka.

Nyanya yangu alipotusimulia hadithi hii utotoni, hakumvusha msichana kamwe kabla hatujaitikia. Jioni moja tulikuwa tumechoka kulima, tukasinzia sote. Nyanya aliuliza, akauliza tena, kisha akaiachia hadithi hapo. Asubuhi nilitaka kujua msichana amefika wapi.

"Yuko ukingoni," akasema. "Si mlimwacha?"

Nilikimbia kuwaamsha wenzangu tumwitikie.

Siku hizi mimi huisimulia hadithi hiyo peke yangu mchana. Nikifika pale penye mto nauliza, halafu nasikiliza kama kuna wa kuitikia. Shule ikifungwa njoo, Keji. Msichana bado amesimama pale.

Nyanya yako